Mdhamini Mpya wa Sikukuu ya Septemba

"Ama mwondoe jina la sigara kwenye bango letu la sikukuu, ama mniondoe mimi chamani," alisema Don Eleuterio Zúñiga, akaketi.

Ukumbi wa wafanyabiashara wa Kimeksiko pale Laredo, Texas, ukaangua kicheko. Nicanor Treviño, mwoka mikate, alicheka kuliko wote, hata kikohozi kikamkaba.

"Hata wewe, mzee?" alisema alipopata pumzi. "Watu wakiacha kuvuta sigara mjini humu, wewe utakula nini?"

"Mikate yako, Nicanor. Muda wote utakaokuwepo kuioka."

Mwenyekiti, Doña Obdulia Cantú, aligonga meza. Kampuni ya sigara ndiyo iliyolipia bendi, jukwaa na karo za vijana miaka yote.

"Marehemu mume wangu ndiye aliyewaleta hawa watu, Don Eleuterio. Leo niwafukuze?"

"Najua, mama. Tulikuwa wanne kwenye meza ya domino, mimi, yeye na wenzetu wawili, wavutaji wote. Siku hizi nacheza peke yangu, na bado nashindwa."

Mama yule akatabasamu bila kutaka, kisha akainamisha macho.

"Na karo atalipa nani?"

"Mimi. Na bendi pia. Ila bango liwe langu."

"Lo, huyu kachanganyikiwa," alisema Nicanor. "Unajiharibia biashara, halafu unawalipia wateja ngoma?"

"Wateja wangu nawajua. Hawana pengine pa kwenda."

Kura zikapigwa. Don Eleuterio alishinda kwa kura moja tu, na kila mtu alijua ni ya Doña Obdulia.

Siku ya sikukuu ya uhuru wa Meksiko uwanja ulifurika. Mabinti waliotumwa na kampuni ya sigara walikuja na visanduku vyao vya sigara za bure, Doña Obdulia akawapa tamale za moto za unga wa mahindi na kuwaonyesha njia ya kurudi. Kodiani ikaanza kulia. Ndipo bango jipya likakunjuliwa juu ya jukwaa.

Mpiga kodiani akakosea. Mtu mmoja akajipiga ishara ya msalaba, na nyuma yake kicheko kikasambaa uwanja mzima. Nicanor hakucheka. Alisoma bango mara mbili, akaitoa sigara mdomoni, akaizima polepole kwa kisigino.

NYUMBA YA MAZISHI YA ZÚÑIGA INAWATAKIA SIKUKUU NJEMA. CHEZENI TU. SISI HATUNA HARAKA.