Sauti ya Kuomba

Uzi wa ganuni, kinanda cha nyuzi nyingi cha taarabu, ulikatika ukamchapa Raya kidoleni. Miaka kumi na mitano kikundi kizima kilikuwa kikikaza nyuzi kwa kumfuata yeye, naye hakumfuata mtu. Sauti sahihi ya kila uzi alikuwa nayo kichwani. Lakini tangu aanze vidonge vya kifafa, kila sauti ilimjia imeshuka kidogo, basi akawa anakaza kupita kiasi.

"Shoga, jana nimeimba mpaka mishipa ikanitoka," alisema Tatu, mwimbaji. "Wataka nife na maikrofoni mkononi?"

Wote walicheka, isipokuwa kiongozi wao, Haroub, aliyepakata akodiani. "Dada Raya, harusi kesho. Viache vidonge siku mbili tu, masikio yarudi."

"Na nikianguka mbele ya bibi harusi?"

"Tutakushika."

Raya alifungua fundo la leso, akatoa kidonge, akakiweka ulimini wote wakione, akakimeza kwa kahawa. "Hamtanishika, kaka, maana sianguki. Na kwenye ganuni siondoki. Haya, nipe sauti yako."

Hakuwahi kumwomba mtu sauti. Haroub alisita, kisha akabonyeza kitufe kimoja, akavuta. Masikioni mwa Raya sauti ile ilikuwa imelegea, mbovu. Alifunga uzi mpya, akaukaza taratibu kwa ufunguo mpaka ukalingana na akodiani. Mkono ulitaka kuongeza. Akauzuia.

"Endelea kuvuta," alisema, akahamishia ufunguo kwenye uzi wa pili. Zilibaki nyuzi sabini.