Bi Sikitu Ameshajibu

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi: king'ora kikilia kwenye simu, bonyeza "Nimesikia" kabla dakika haijaisha. Aliyebonyeza alihesabiwa ameshaondoka hatarini. Asiyebonyeza, waokoaji walimfuata mpaka kitandani.

Zawena alikuwa amechoka. Ving'ora vya majaribio vililia mara nne, mara tano kwa siku, na mama mkwe wake, Bi Sikitu, alikuwa amepooza mikono na miguu. Mara tatu waokoaji walimjia bure, wakamfokea Zawena kama mtoto. Basi akawa anaifunga simu ya mama mkwe kwenye kanga pamoja na yake, anakwenda nazo sokoni, na king'ora kikilia anazibonyeza zote mbili huku akimenya mihogo.

Mazoea yana taabu. Alhamisi moja asubuhi alibonyeza kwanza, akasoma baadaye: bwawa limepasuka, maji yanashuka bondeni kwao.

Akawapigia waokoaji. "Dada, mama mkwe wangu yuko ndani peke yake, hawezi kunyanyuka."

"Hapa amejibu, mama. Ameshaondoka."

"Nilimjibia mimi."

"Sasa mama, tuwaache wasiojibu tumfuate aliyejibu?"

Akaacha mihogo, akakimbia. Kwenye njia ya bondeni mgambo alikuwa amefunga kamba. Akazichukua simu zote mbili za Zawena, akazitazama.

"Unarudi wapi, shangazi? Wewe umeshaokoka."

"Mama mkwe wangu yuko kule, baba. Nakuomba."

"Naye ameshaokoka," mgambo akasema kwa upole, akimrudishia simu. "Imeandikwa hapa."