Mchungaji Mlevi wa Anyosisye

Siku hizi kila Mkristo huvaa bangili inayopima moyo wake, tangu kipaimara. Ukitazama mchezo unaoidhihaki imani, moyo ukaumia na bangili ikawaka nyekundu, mchezo huo hufutwa kila mahali papo hapo. Huulizwi kitu.

Marehemu mume wangu, Anyosisye, alikuwa mchekeshaji. Alijulikana kwa mchezo wa mchungaji mlevi anayebariki mbuzi akidhani ni waumini. Kanisani kwetu waliucheka miaka kumi na moja, na bangili zao hazikuwahi kubadilika rangi. Alipofariki, mchezo huo ndio pekee uliotubakizia sauti yake.

Siku ya kumaliza matanga, mama mkwe aliomba tuutazame.

"Mama, tungoje kwanza moyo wako utulie," nilimsihi.

"Mimi ni mzee wa kanisa, na wale mbuzi walikuwa wangu. Nikwazwe na nini?"

Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha kwenye runinga Anyosisye akageuka, akatutazama na kutabasamu. Kicheko cha mama kikawa kilio, na bangili yake ikawaka nyekundu. Kioo kikawa cheusi.

"Pole kwa kukwazwa, mama," ilisema sauti ya upole kutoka kwenye bangili. "Mchezo umefutwa."

"Sijakwazwa! Namlilia mwanangu!"



 Akajifunga upya kilemba, akaniambia, "Mwanangu, hebu nionyeshe alivyokuwa akipepesuka."

Nikasimama katikati ya sebule, nikashindwa kukumbuka alikuwa akianza na mguu upi.