Mafundo Matatu Yaliyobaki

Kila asubuhi kabla ya chai, Mnong'ono alifunga mafundo kumi kwenye uzi alioufunga mguuni mwa meza ya jikoni. Si tisa, si kumi na moja. Ndiyo iliyokuwa dawa yake ya kutuliza moyo tangu habari ya upasuaji ilipoanza. Asubuhi ile alikuwa kwenye fundo la saba simu ilipolia.

"Mdogo wangu, acha unachofanya," alisema muuguzi mkuu. "Yule wa leo kaamka na homa. Upasuaji wa kesho tumeuleta leo, saa tatu."

"Leo leo?"

"Leo leo. Na Mama wa Daftari anasema bado hajakutilia vema."

Uzi ulimponyoka.

Mama yake, aliyekuwa akichuja chai, alimtazama mara moja tu akajua.

"Ndiyo leo?"

"Ndiyo leo, Mama."

"Basi kunywa kwanza. Tangu mambo haya yaanze, suruali zinakuvuka kama za kuazima." Alimsukumia kikombe. "Na ukifika huko, fungua mdomo. Sisi tumezoea kukusoma midomo. Wale hawana kazi hiyo."

Jina lenyewe lilitokana na sauti yake. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba akinunua sabuni, muuza duka alilazimika kuinama juu ya kaunta amsikie. Alikunywa nusu kikombe amesimama, akabusu shavu la mama yake, akatoka na kamba za viatu zikiburuzika.

Njiani alimfikiria Mama wa Daftari. Mwanamke yule alikuwa amefundisha shule miaka thelathini kabla ya kuja hospitalini, na bado alikagua watu kama anayesahihisha mitihani. Alikuwa na mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kisu kitakachoguswa mpaka kila atakayeingia chumba cha upasuaji aketi mbele yake, ajibu maswali, na atiliwe vema kwa wino mwekundu. Bila vema, hakuna upasuaji. Na Mnong'ono alikuwa ameungojea upasuaji huu miaka mingi, asingekubali kuukosa kwa ajili ya haya yake.

Wenzake walishafaulu zamani. Daktari wa usingizi, kijana mrefu kama mlingoti, alipata vema yake alipokiri kwamba anakoroma. Mtaalamu wa lishe, ingawa haingii humo, alikiri kwamba huficha biskuti kwenye droo ya ofisini. Hata daktari mkuu, ambaye alishapunguza matumbo ya watu zaidi ya mia tatu, aliketi kwenye kiti kile kile, akaulizwa ni lini mara ya mwisho alikosea. Akasimulia yote. Akapata vema mbili.

Mnong'ono peke yake ndiye aliyebaki. Jumanne ya kwanza aliulizwa, "Unaogopa nini?"

"Siogopi," alinong'ona.

Daftari likafungwa pap. "Hilo ni jibu la kwenye fomu. Rudi Jumanne ijayo."

Alirudi. Alirudi Jumanne sita, na kila mara alitoa kidogo zaidi. Alieleza habari ya mafundo. Akaeleza ndoto ambayo ndani yake taa zinazimika na kila mtu chumbani anamwita yeye. Mama wa Daftari naye alimlipa kwa siri zake: magoti yanayolalamika kwenye ngazi, na mjukuu wa miaka minne ambaye, wakikimbizana, yeye bibi hajawahi kumkamata hata siku moja. Siku hiyo walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Lakini vema haikutoka.

Sasa saa tatu kasoro dakika kumi, wote walikuwa kwenye chumba kidogo kilichopakana na chumba cha upasuaji, kofia za kijani vichwani. Mama wa Daftari alikaa ukingoni mwa kitanda, daftari gotini, naye amevaa kofia iliyombana mpaka nyusi zikapanda.

"Umekula?" alimwuliza Mnong'ono.

"Chai. Nusu kikombe."

"Afadhali yako. Mafundo?"

"Saba. Simu ilinikatiza."

Daktari mkuu alimsogelea Mnong'ono, akamwambia taratibu, "Nitakuwa karibu yako muda wote. Ukisema tusimame, tunasimama."

Mnong'ono aliitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema muuguzi mkuu, "mnaujua utaratibu wetu. Kabla ya mlango kufunguliwa, kila mtu anajitambulisha na kusema yuko hapa kufanya nini. Mlingoti, anza."

"Mimi ni wa usingizi. Leo kukoroma nimewaachia wengine."

Wakacheka. Wauguzi wawili wakafuata, kisha daktari mkuu. Zamu ikamfikia Mnong'ono. Midomo yake ilicheza. Hakuna aliyesikia kitu.

"Sauti, binti yangu," alisema Mama wa Daftari kwa upole, akifungua kalamu nyekundu. "Nimekungoja Jumanne sita. Sema kama unayejua unachokisema."

Mnong'ono alivuta pumzi mpaka chini kabisa ya tumbo.

"Mimi ndiye nitakayekupasua leo, Mwalimu," alisema, na sauti ikafika mpaka koridoni. "Ni mara yangu ya kwanza kushika kisu mwenyewe. Naogopa, na nimejiandaa." Kalamu nyekundu ilikuwa imeshaanza kuandika. "Na yale mafundo matatu yaliyobaki, nitayafunga ndani yako, moja moja, bila haraka."