Miiba ya Mtoto wa Bi Nungunungu

Msiulize nani kasema. Bi Nungunungu alimpima mwanawe kwenye ukuta wa pango, visigino juu, miiba imesimama, akachora alama kwenye ncha ya miiba. Mbio kwa jirani yake, Bi Ngiri. "Shoga, wangu kampita wako."

Bi Ngiri akaja, akaitazama alama. "Hongera. Basi desturi yetu unaijua, wa kimo hiki halali tena kwa mama. Leo akalale peke yake msituni, kwa chui."

Bi Nungunungu akailaza miiba ya mtoto kwa viganja vyake, vikatoka damu. "Hebu mpime tena, shoga. Visigino chini. Huoni alivyo mfupi, masikini?"

Alama mpya ikafika gotini kwa mtoto wa Bi Ngiri. Jirani wote waliitwa waione, na aliyewaita ni Bi Nungunungu mwenyewe.