Jeli Zisizosubiriwa

Ndaro alifungua boksi, akatoa jeli ya kupimia DNA iliyogandishwa kiwandani, matundu ya kutilia sampuli yakiwa tayari. Nje ya maabara, Semeni alikuwa ameshaweka vikombe viwili vya chai kwenye benchi, pale walipozoea kukaa kila asubuhi wakisubiri jeli waliyoipika wenyewe igande.

"Nani kaagiza hizi?" Semeni aliuliza kutoka mlangoni.

"Mimi. Nimembembeleza bosi weee, mpaka kakubali. Ile nusu saa ya kukaa bure ilinichosha, dada'ngu."

Ndaro hakuwahi kumwita dada. Semeni akasema kweli, inachosha.

Ndaro alipoinamia sampuli zake, Semeni alichemsha unga wa jeli uliobaki, akaimimina jeli hiyo kwenye trei bila kuweka kitana cha kutoboa matundu, akatoka kukaa kando ya vikombe viwili, kuisubiri igande.