Reli Kupitia Kaburi la Mama

Mzee Pinnock alikuwa amesimama tena mbele ya mkokoteni wa udongo, mikono ameitanua, farasi wakimpumulia usoni. Mwenye mkokoteni alimsihi apishe. Hakupisha. Binti yake, Adeline, alilazimika kuacha chungu motoni, akatoka mbio na aproni yake kiunoni, akamshika mkono na kumvuta pembeni kama mtoto. Wachimbaji walicheka. Mmoja akauliza kama mzee naye anataka kubebwa na taka.

Tangu baridi ipungue, London ilikuwa ikipasuliwa. Kampuni ya reli ilitaka treni ipite chini ya ardhi, na kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuishi nayo. Barabara ilifukuliwa ukuta hadi ukuta, handaki likashuka kina cha nyumba nzima, pande zote likajengwa kwa matofali na juu likafunikwa kwa tao. Kisha udongo ulirudishwa na barabara ikalazwa upya, kana kwamba hapakutokea kitu. Kilichosimama njiani kilivunjwa. Mtaa wa nyuma ya kina Adeline ulikuwa umekwisha kwenda, watu na paka wao. Sasa handaki lilikuwa limefika kwenye uzio wa makaburi ya kanisa, na pale alipolazwa mama yake ndipo reli ingepita.

Mama alichukuliwa na kipindupindu Adeline akiwa mdogo, amepelekwa kwa shangazi shambani asije akaambukizwa. Aliporudi alikuta jiwe lenye jina. Baba, aliyekuwa seremala, alitengeneza jeneza kwa mikono yake na kulipigilia misumari mwenyewe. Mwaka ule hakuna jirani aliyethubutu kusogea. Hakuoa tena. Kila Jumapili Adeline alipeleka maua, na baba alibaki langoni, kofia mkononi, akitazama barabarani. Wanawake wa mtaani waliwaambia waume zao wajifunze kwa Pinnock kupenda.

Lakini tangu habari za reli zilipofika, mzee hakutulia. Mara alikuwa dirishani, mara mlangoni, mara karakanani, ambako alishika randa na kuiweka chini bila kuranda kitu. Nyumba ilipotetemeka kwa vishindo vya wachimbaji, aliinuka mezani na kuacha chakula kikipoa. Alikwenda kwa kasisi, akaenda kwa wakili, akaomba njia ya treni ipindishwe kidogo tu. Kasisi alimweleza kwa upole kwamba marehemu wote watahamishwa kwa heshima kwenye makaburi mapya nje ya mji. Hapo akaomba aachwe amfukue mkewe mwenyewe, bila mtu mwingine. Akakataliwa, kwa kuwa kingo za handaki zilishikiliwa kwa magogo, na mtu asiyejua kazi angeweza kuwaangushia wenzake udongo.

“Baba, mama hatakuwa na neno,” Adeline alimwambia. “Huko atapata miti. Hapa ni moshi na makelele.”

“Hujui unalolisema, mwanangu.”

“Basi niambie nijue.”

Mzee alichukua kofia yake akatoka.

Asubuhi ya kuhamisha ilikuwa ya manyunyu. Garland, msimamizi wa wachimbaji, pande la mtu lililogandwa na tope hadi kwenye nyusi, alimvulia Adeline kofia na kumwonyesha mahali pa kusimama. Baba alimwambia binti yake arudi nyumbani. Alimwambia kwa upole, kisha kwa sauti ambayo Adeline hakuwahi kuisikia. Adeline hakuondoka. Alisema mama yake alizikwa mara ya kwanza yeye hayupo, na mara hii atakuwepo.

Jeneza lilipandishwa kwa kamba. Wanaume waliguna kwa uzito wake, na mmoja akasema bibi amekuwa akila vizuri huko chini. Garland alimkata jicho. Wakati huohuo ubao wa chini, uliokwisha kuoza, ukaachia.

Yalianguka matofali. Yaliporomoka kwenye tope moja baada ya jingine, na nyuma yake gunia lililochakaa. Halafu hapakuwa na kitu zaidi.

Pampu ya kutoa maji handakini iliendelea kukoroma. Mtu wa kwanza kusema alikuwa Garland.

“Wezi wa maiti,” alisema. “Walikuwa wakiwafukua watu na kuwauzia madaktari. Matofali ni ya kudanganyia uzito.”

Wachimbaji wote walivua kofia, hata yule mwenye mzaha. Mzee Pinnock alijifunika uso kwa viganja. Walimzunguka, wakampa pole, na Garland akaahidi kwamba jeneza litazikwa upya kwa heshima zote, liwe na mtu au lisiwe naye.

Adeline alilia kwa hasira njia nzima. Alisema hata nyumbani haingii. Anakwenda moja kwa moja polisi, na wao wakipuuza atabisha hodi kila hospitali ya London, atauliza kila daktari mzee, hata kama itamchukua maisha yake yote. Alikuwa akitembea haraka kiasi kwamba baba yake alibaki nyuma, akihema, mpaka akamwita kwa jina.

“Usiende polisi, Adeline.”

“Kwa nini nisiende? Wamemwiba mama yangu.”

Mzee alishika uzio wa jirani. Chini ya miguu yao ardhi ilikuwa ikitetemeka.

“Yuko Bristol,” alisema. “Kila mwaka huniandikia kuuliza kama umeolewa.”